Mjomba angemlipa mtangazaji anyamaze

Kila Julai mjomba wangu huhamia sebuleni kwangu. Haji na begi. Huja saa nane mchana, huvua kandambili mlangoni, hukaa kwenye kiti kilekile kinachotazamana na televisheni, na haondoki mpaka mtu avalishwe jezi ya njano, ile ya anayeongoza. Wiki tatu, hatua 21, moja kwa siku, za Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, na siku mbili za mapumziko ambazo humtesa kuliko mfungo.

Mjomba ni fundi baiskeli. Hapa kwetu Shinyanga, ukisema daladala, watu wa rika lake hawafikirii basi. Wanafikiria baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, na kijana wa mbele anatoka jasho. Baiskeli hizo ndizo zilizomsomeshea watoto wanne. Akiona mtu anapanda mlima kwenye televisheni, hasemi "anakimbia sana". Anasema "mnyororo wake umepigwa mafuta leo asubuhi".

Kiingereza hajui, zaidi ya maneno yaliyoandikwa kwenye makopo ya grisi. Kwa hiyo miaka yote hii amewasikiliza watangazaji wa mbio za baiskeli kama unavyosikiliza mvua juu ya bati: hujui inasema nini, lakini unajua inanyesha kwa nguvu kiasi gani na kama nguo zianuliwe. Na maoni anayo, tena makali. Kuna mtangazaji anamwita "wa mnada", kwa sababu sauti yake inapanda hata pale ambapo mimi na yeye tunaona wazi kwamba hakuna kinachoendelea, watu mia na sabini wanapiga soga na kula ndizi. "Huyu," huniambia, "ningekuwa na hela ningemlipa anyamaze."

Nimekuja kugundua kwamba lalamiko la mjomba ndilo lalamiko la mashabiki wa dunia nzima.

Nililithibitisha mwaka niliokaa Leeds, Uingereza, kwa masomo, 2014. Nilibahatika: mwaka huo Tour ilianzia palepale. Tarehe 5 Julai waliondoka Leeds kwenda Harrogate, Mwingereza Mark Cavendish akaanguka mita mia chache kabla ya mstari akaumia bega, na Mjerumani Marcel Kittel akashinda. Mimi nilisimama barabarani saa tatu nzima, nikaona kundi kuu kwa sekunde kama kumi, nikarudi nyumbani kuangalia kwenye televisheni nini hasa nilichokiona. Nyumba yetu ilikuwa na wanafunzi watano, na hapo ndipo nilipokuta ugomvi wa rimoti ambao sikuwahi kuuona hata siku ya Simba na Yanga.

Kijana mmoja wa Yorkshire alitaka chaneli ya ITV4, kwa Phil Liggett na Paul Sherwen, sauti alizokua nazo kama wengine walivyokua na sauti ya Charles Hilary redioni. Wa pili alitaka Eurosport, kwa Sean Kelly. Wa tatu naye alitaka Eurosport, lakini tu siku ambayo Carlton Kirby hayupo. Na Mbelgiji mmoja, mtu wa Ghent, aliwadharau wote: alikuwa akizima sauti ya televisheni, anafungua kompyuta, anawasikiliza watangazaji wake wa Kiflemi, Michel Wuyts na José De Cauwer. Picha huku, sauti kule, na sauti inachelewa sekunde saba. Mtu anashinda, tunamshangilia, tumeshakaa chini, ndipo Wuyts anaanza kupandwa na mori.

Nilimuuliza Mbelgiji, kwani hawa wana nini? Akanijibu kwamba De Cauwer ndiye aliyekuwa kwenye gari la timu ya Greg LeMond mwaka 1989, LeMond alipoichukua Tour kwa tofauti ya sekunde nane siku ya mwisho. "Akisema mtu amechoka," akasema, "amechoka."

Hapo ndipo mashabiki wengi wanapokubaliana, hata wale wasiokubaliana kwa jambo jingine lolote. Kibanda cha utangazaji kina watu wawili. Mmoja ni mwandishi au mtangazaji wa kazi, ndiye anayesimulia. Mwingine ni mchambuzi, mara nyingi mstaafu wa mchezo wenyewe, kazi yake kueleza kwa nini. Wa kwanza husamehewa mengi akiwa na sauti nzuri. Wa pili hasamehewi kuongea asichokijua, na akikijua anaruhusiwa hata kuwa mkavu kama muhogo wa Septemba. Sean Kelly ndiye mfano. Alishinda mbio za Paris–Nice mara saba mfululizo, 1982 mpaka 1988, na akishika kipaza sauti alikuwa anaongea kama analipia kila neno. Nilipomchezea mjomba kipande chake kwenye simu, aliniuliza, "Mzee huyu amelala?" Nikamwambia hapana, anapiga hesabu za nani atachoka kwanza. Akasikiliza tena. "Basi huyu ni fundi," akasema, na kwake hiyo ndiyo shahada ya juu kabisa.

Kirby ni kesi nyingine. Sijui mtangazaji anayewagawa mashabiki kama yeye. Kuna wanaosema bila yeye mchana wa tambarare haupiti: atakusimulia habari ya jibini, ya hoteli aliyolala, ya mbwa aliyemwona njiani. Na kuna wanaosema akiwa katikati ya hilo jibini, mtu ameshachomoka kundini bila yeye kumwona. Mimi niko na hawa wa pili, ila nakiri nacheka. Tuseme ukweli, kazi hiyo si ya kitoto. Zamani televisheni ilionyesha saa mbili za mwisho. Tangu 2017 kila hatua ya Tour inaonyeshwa tangu bendera ishuke mpaka mwisho. Siku ya tambarare hiyo ni saa nne, nne na nusu, na tatu za kwanza ni watu wanaendesha baiskeli kwenye mashamba ya alizeti. Utasema nini? Wafaransa walilitambua hilo mapema, wakawa na mtu wa kazi hiyo tu. Jean-Paul Ollivier, waliyempa jina la utani la Paulo wa Sayansi, kwa miaka mingi ndiye aliyeeleza kila kasri na kila kanisa lililopita chini ya helikopta. Mjomba hana tatizo na makasri. Anayapenda. Shida yake ni kwamba hapewi majibu ya maana: nani anaishi humo sasa, na umeme analipa nani.

Sherwen sikumjua vizuri wakati ule; nilimwona ni sauti ya pili ya Liggett tu. Baadaye ndipo niliposoma kwamba mtu yule alilelewa huku huku Afrika Mashariki, akaja kuishi Kampala, na Kampala ndipo alipofia, tarehe 2 Desemba 2018, akiwa na miaka 62. Miaka thelathini na ushee dunia ilikuwa inasimuliwa Tour de France na mtu ambaye Julai ikiisha anarudi nyumbani Uganda. Nilipomwambia mjomba, alikaa kimya kidogo. "Kumbe jirani," akasema.

Sherwen alikuwa na msemo wake: mtu akiwa hoi mlimani, alisema anachimba ndani ya sanduku lake la ujasiri. Mashabiki wengine waliuchoka msemo huo, wakaugeuza mzaha, kila ukitajwa mtu anapiga funda la bia. Lakini angalia aliutoa wapi. Mwaka 1985, kwenye hatua ya kwenda Pontarlier, Sherwen mwenyewe, wakati huo akiwa mshindani wa Tour, alianguka mwanzo kabisa wa siku. Akabaki peke yake kuwafukuza wenzake mchana kutwa, akafika zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, muda wa kuruhusiwa kubaki mashindanoni ukiwa umeshapita. Waamuzi wakamrudisha, na juu yake wakampa tuzo ya mpambanaji wa siku. Mtu huyo akikuambia habari za sanduku, mimi natega sikio.

Sisemi kwamba walikuwa watakatifu. Liggett na Sherwen walisimama na mwendesha baiskeli wa Marekani Lance Armstrong muda mrefu mno, mpaka shirika la Marekani la kupambana na dawa za kuongeza nguvu lilipomwangusha mwaka 2012, na wapo mashabiki ambao hawajawasamehe mpaka leo. Sherwen aliwahi kuwa msemaji wa Motorola, timu ya kwanza ya kulipwa ya Armstrong. Ukila na mtu miaka yote hiyo, jicho linaingia ukungu. Ndiyo maana nikawa nampenda David Millar, mstaafu wa mbio aliyekuja baadaye ITV: alifungiwa miaka miwili kwa dawa, alikiri, na anapozungumzia udanganyifu hajifanyi hajui mlango wake uko wapi. Mwenzake Ned Boulting aliingia kwenye mchezo huu 2003 akiwa hajui lolote, akasema hewani kwamba Millar amepoteza nafasi ya kuvaa "sweta ya njano". Sweta! Walimcheka miaka. Ila mtu aliyeanza na sweta akaishia kuwa sauti ambayo Waingereza waliililia, pale ITV ilipofikia Tour yake ya mwisho mwaka 2025 na mbio zikahamia kwenye chaneli ya kulipia.

Sasa nije kwenye kosa linalowaudhi mashabiki kuliko yote: kumtaja mtu siye. Mimi nilikuwa wa kwanza kutukana. Nikaacha, na nitasema kwa nini.

Mwaka mmoja, sherehe za Nane Nane, kijiji kimoja hapa jirani waliandaa mbio za baiskeli. Mizunguko kumi, barabara ya vumbi, zawadi ng'ombe. Kwa kuwa nilikuwa na sifa ya kuongea, nikapewa kipaza sauti na kupandishwa juu ya pikapu. Nilijiona Liggett. Mizunguko mitatu ya mwanzo nilikuwa moto. Mzunguko wa nne vumbi likatanda, watu wakatawanyika, waliozungukwa wakachanganyika na wanaozunguka, na kwa bahati mbaya robo ya washindani walikuwa wamevaa jezi ya Simba. Nikamwona mwekundu mmoja anakuja peke yake, ameinama, anakata upepo. Nikapasua koo: huyu hapa, anaongoza, hakuna wa kumkamata! Mama yake alikuwa chini ya mwembe, akapiga vigelegele, wenzake wakampokea, kanga zikarushwa hewani. Kijana akapita akinitazama kwa mshangao. Hakuwa anaongoza. Alikuwa amezungukwa mara mbili.

Yule mama aliponifuata kwenye pikapu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, ng'ombe yuko wapi?"

Jioni mjomba, aliyekuwa anaziba pancha pembeni na kuona yote, aliniita. (Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba, msomaji usichanganyikiwe.) "Mjomba," akasema, "wewe unatazama jezi. Jezi zinafanana. Tazama magoti. Yule uliyemsifia magoti yake yanafungukia nje kama anaendesha punda. Anayeongoza alikuwa anakanyaga kama cherehani." Baadaye nimewasikia wachambuzi wakubwa wakisema jambo lilelile: mtu humjua mtu kwa namba yake mgongoni akiwa karibu, na kwa jinsi anavyokanyaga akiwa mbali. Na wao, tofauti na mjomba, hawako barabarani. Wako ndani ya kibanda karibu na mstari wa kumalizia, au studio nchi nyingine kabisa, wanatazama skrini ileile unayoitazama wewe, picha ikitoka kwenye pikipiki inayorukaruka.

Tukio mashuhuri kuliko yote la utangazaji wa baiskeli kwa Kiingereza lilizaliwa na upofu huo. Julai 1987, mlima La Plagne. Mhispania Pedro Delgado, mwenye jezi ya njano, ametangulia, Mwayalandi Stephen Roche ameachwa kwa zaidi ya dakika moja, na kamera zimemwacha. Hakuna setilaiti ya kuonyesha nani yuko wapi. Laurent Fignon ameshashinda hatua, Delgado anakaribia kumaliza, na nyuma yake kwenye kona ya mwisho anatokea mtu. Liggett anauliza hewani ni nani yule anayekuja, halafu sauti inampasuka: anafanana na Roche, ni Roche, ni Stephen Roche! Sekunde nne tu nyuma ya Delgado. Roche akavuka mstari akaanguka, akawekewa oksijeni, na siku chache baadaye akaichukua Tour kwa sekunde 40. Kama Liggett angekuwa na takwimu zote za leo mbele yake, angesema kwa utulivu kwamba Roche anapunguza muda, na sisi tungesahau kesho yake. Nilipomchezea mjomba kipande hicho, bila kumwambia lolote, nywele za mkono zilimsimama. "Huyu," akasema, "hakujua."

Kuna kosa moja tu ambalo mimi bado sisamehe: majina. Tarehe 1 Julai 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya tatu ya Tour, mjini Torino. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo. Akashinda mbili nyingine, akarudi nyumbani na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi. Sebuleni kwangu viti viliruka. Kisha mjomba akauliza, "Wanamwita nani?" Girmay, nikamwambia. Yeye ni Biniam, Girmay ni baba yake. Waeritrea hawana jina la ukoo, wanafuatisha jina la baba. Mjomba akashangaa. "Kama sisi basi. Mimi nikishinda, wamwite marehemu?" Watangazaji kadhaa wamelielewa hilo, wanasema Biniam, au Bini kwa mkato. Rob Hatch, aliyekuwa Eurosport, anajulikana kwa kuhangaikia matamshi ya kila mtu, Mslovenia au Mkolombia, na wapo wanaomwona anajionyesha. Acha ajionyeshe. Mtu ameendesha baiskeli kilomita mia mbili; walau jina lake litamkwe.

Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, nikaona haiwezekani mjomba ayaone kwenye kiti changu. Tukapanda basi: Kahama, Nyakanazi, Benaco, Rusumo. Tulipovuka daraja gari likahamia upande wa kulia, mjomba akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka Kigali.

Jumapili ya tarehe 28, mbio za wanaume, kilomita 267.5, tulisimama Kimihurura kwenye kipande cha mawe, mlima ambao mjomba aliupima kwa macho akasema ungeua daladala zote za Shinyanga. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Waeritrea na bendera zao, ngoma, watoto wamebebwa mabegani. Kundi likapita, mjomba akasoma minyororo yao kwa mara ya kwanza bila kioo katikati, akafurahi kama mtoto. Likapita tena, na tena. Baada ya mzunguko wa tisa halikurudi. Njia ilikuwa inawapeleka kwenye Mlima Kigali kwanza, mbali na sisi. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Vipaza sauti vilikuwa kule kwenye mstari wa kumalizia. Barabara tupu, polisi, jua. Mjomba akaanza kugeuka huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo siyo.

"Nini kinaendelea?"

Nikamwambia sijui.

"Hakuna wa kusema?"

Pembeni yetu alikuwapo kijana wa Goma, simu mkononi, sikio moja lina waya. Alimwona mzee anahangaika. Akaanza kumsimulia, kwa Kiswahili cha kwao.

"Papa, Pogačar amepiga! Iko na Del Toro, iko na Ayuso. Bengine bamebaki."

Pogačar wa Slovenia, bingwa mtetezi, alikuwa amechomoka na wawili tu. Mjomba akamsogelea. Miaka yote ya Julai, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtangazia baiskeli kwa maneno anayoyaelewa. Alimuuliza kijana kila kitu: mlima una urefu gani, Ayuso anakanyaga vipi, Mbelgiji Evenepoel yuko wapi. Kijana alijibu alichokijua na kubuni asichokijua, nadhani, maana alikuwa mtangazaji. Ayuso akaachwa.  "Sasa iko Pogačar na Del Toro, bameenda njo vile!" Zilikuwa zimebaki kilomita zaidi ya tisini. Mjomba akabisha, hakuna watu wawili wanaoweza kwenda peke yao umbali huo kwenye milima hii. Kijana akasema papa, utaona.

"Na Evenepoel?"

"Evenepoel amesimama. Iko pembeni, anangoja baiskeli ingine, ana hasira, papa, iko..."

Akanyamaza. Akaitazama simu, akaigonga na kidole.

"Iko nini?" mjomba akasema. "Mbona umenyamaza? Sema!"

"Mega zimeisha, papa."

Mjomba alifungua kifungo cha koti, akaingiza mkono mfuko wa ndani, ule ambao hata kule mpakani hakuufungua mbele yangu, akatoa noti ya faranga elfu mbili.

"Kanunue," akamwambia. "Kimbia."